Kuketi na Kukimbia: Namna ya Kupima Ubora wa Ndani wa Gari la Spoti Dhidi ya Uwezo wa Injini Yake

Mnunuzi anapoingia katika yadi ya magari, jambo la kwanza analofanya muuzaji mzoefu ni kumfungulia mlango wa dereva. Boneti hubaki imefungwa. Mteja huketi, ngozi ya kiti ikampokea, mikono ikashika usukani ulioshonwa kwa uzi mwekundu, na harufu ya dawa ya kung'arishia dashibodi ikamfanya asahau kwamba gari lina umri wa miaka kumi. Kisha injini huwashwa, mafuta hukanyagwa mara mbili, na mlio wa ekzosi humaliza kazi iliyobaki. Yote hayo hayafiki dakika kumi. Katika dakika hizo mtu anaweza kuwa amekwisha kuamua kutoa akiba ya miaka mingi, au kuchukua mkopo atakaoulipa hadi mwanawe aliye darasa la tatu amalize shule ya msingi.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kununua gari la spoti lililokwisha kutumika, kwa kuwa ndiyo hali ya wanunuzi wengi hapa nchini, na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari hayo hutoka Japani. Hatukusudii kumkataza mtu asilitamani. Kulipenda gari zuri si kosa, na mtumiaji ana haki ya kutumia fedha zake kwa kitu kinachomfurahisha. Tunalotaka ni kumsaidia kujibu swali moja ambalo kwa kawaida hulijibu kwa macho na masikio tu: katika bei anayolipa, kiasi gani kiende kwenye ubora wa ndani, na kiasi gani kwenye uwezo wa kukimbia?

Swali hilo ni gumu kwa sababu vitu hivyo viwili havijionyeshi kwa namna moja. Ubora wa ndani huonekana mara moja, nao huharibika polepole mbele ya macho yako. Uwezo hauonekani, huelezwa kwa tarakimu, na unapoharibika hufanya hivyo gizani, ndani ya chuma, hadi siku gari linaposimama barabarani. Hata sheria, kama tutakavyoona, haikulindi kwa kiwango kimoja katika mambo hayo mawili.

Ndani ya kuendeshea na ndani ya kuonyesha

Kwa wapenzi wengi wa magari Afrika Mashariki, mapenzi haya yalianzia kwenye vumbi la mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Tommi Mäkinen alishinda huko mwaka 1996 akiwa na Mitsubishi Lancer Evolution, na mwaka uliofuata Colin McRae akashinda akiwa na Subaru Impreza. Ndugu wa magari hayo waliuzwa kwa watu wa kawaida, na katika historia yao kuna funzo linalotufaa.

Lancer Evolution iliuzwa katika sura mbili kuu. GSR ilikuwa na viti vya Recaro, vioo vya umeme na starehe nyingine ambazo mtu wa mjini huzitegemea. RS ilikuwa na injini ya aina ileile, lakini ilivuliwa karibu kila kitu kisichosaidia kukimbia, kwa sababu ilikusudiwa kwa timu za mashindano ambazo zingeyatoa mapambo hayo hata hivyo. Honda nayo ilipotoa Integra Type R mwaka 1995 ilipunguza nyenzo za kuzuia kelele ili kupata wepesi. Ndiyo kusema, katika ulimwengu wa magari ya spoti, gari lenye ndani duni si lazima liwe gari duni. Wakati mwingine uduni huo ndio uliolipiwa.

Sasa mlete mnunuzi wa Dar es Salaam mbele ya gari la namna ya RS. Karatasi inamwambia amepata injini ya ndoto yake kwa bei nafuu. Mwezi wa Februari, saa nane mchana, akiwa kwenye foleni ya Ubungo na vioo vya kuzungusha kwa mkono, atajua nani alikusudiwa gari lile. Ndani ya maeneo ya makazi sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na kwa saa nyingi za wiki foleni inaweka kikomo kilicho chini zaidi ya hicho. Katika mwendo huo injini ya nguvu farasi 300 haina la kukufanyia. Kiti, kiyoyozi na klachi ndivyo unavyoishi navyo.

Lakini hapa pana tofauti ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Vitu vya ndani si vya namna moja. Vipo vinavyohusika na uendeshaji wenyewe: kiti kinachoshika mgongo, usukani unaofikika bila kunyoosha mabega, pedali zilizopangwa vema, kioo kinachokuonyesha kinachokuja nyuma, mkanda unaofunga, mifuko ya hewa iliyo kamili, kiyoyozi kinachokuzuia usisinzie kwa joto. Na vipo vya kuonyesha: uzi mwekundu, vipande vinavyofanana na nyuzi za kaboni, taa za rangi miguuni, skrini kubwa iliyowekwa na fundi wa mtaani. Vya kwanza ni sehemu ya uwezo wa gari, kwa sababu dereva asiyekaa vizuri hawezi kuutumia uwezo wowote. Vya pili ni mapambo, na bei yake ingepaswa kuwa bei ya mapambo.

Kibaya zaidi ni pale mapambo yanapokula usalama. Magari mengi yana mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni mwa kiti, na alama yake huandikwa pembeni mwa kiti chenyewe. Mshono wa sehemu hiyo umetengenezwa ili upasuke mfuko unapofumuka. Kiti hicho kikishonwa upya kwa ngozi nene na fundi asiyejua, au kikivikwa kava la kubana, mfuko unaweza kushindwa kutoka kwa wakati. Usukani mdogo wa mashindano uliowekwa badala ya ule wa kiwandani kwa kawaida umeondoa mfuko wa hewa wa dereva kabisa. Mnunuzi huuona na kuuita uboreshaji, hata akaulipia zaidi. Kwa maoni yetu, hiyo ni sababu ya kudai bei ipunguzwe.

Uwezo hausomwi kwa nguvu farasi peke yake

Tarakimu inayotangazwa sana ni nguvu farasi. Peke yake haitoshi, kwani injini haikimbii yenyewe, hubeba gari zima. Gawanya uzito kwa nguvu, upate kila farasi mmoja anabeba kilo ngapi. Toyota Mark X ya lita 2.5, ambayo si gari la spoti kwa kuzaliwa ingawa vijana wengi hulinunua kwa nia hiyo, ina nguvu farasi 203 katika toleo lake la pili na uzito wa takriban kilo 1,500: kila farasi anabeba kilo 7.4. Mazda Roadster ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2015, ina injini ya lita 1.5 yenye nguvu farasi 131 tu katika soko la Japani, lakini toleo lake jepesi lina uzito wa kilo 990: kila farasi anabeba kilo 7.6. Magari hayo mawili yanakaribiana kuliko bei za injini zao zinavyodokeza. Toyota 86 ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 200 na kilo zipatazo 1,230 huwapita wote wawili kwa kilo 6.15. Na Subaru WRX STI ya mwisho kwa soko la Japani, yenye nguvu farasi 308, imo katika daraja lake yenyewe.

Zingatia kilichotokea katika hesabu hiyo. Mark X ina viti vitano, nafasi ya miguu na utulivu wa sebuleni, nayo imeulipia ubora huo wa ndani kwa kilo mia tano zaidi. Roadster ina viti viwili na nafasi ya mizigo isiyotosha gunia la mkaa. Ukiwa na watoto watatu, hesabu ya kilo kwa farasi imekwisha kujibiwa na familia yako.

Tena nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ina masharti. Injini nyingi za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani hudai petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani haipaswi kuwa chini ya oktani 96. Petroli ya kawaida ya huko huanzia 89. Kibandiko cha sharti hilo mara nyingi kimo ndani ya kifuniko cha tangi, kwa herufi za Kijapani. Ukitia petroli ya oktani ndogo kuliko ile injini iliyotazamia, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuikinga injini isigonge, na sehemu ya zile farasi ulizolipia hazipatikani. Uliza kituo unachojaza mafuta kinauza oktani gani kabla hujalipia farasi wa ziada.

Uwezo pia hulipiwa forodhani. Ushuru wa bidhaa hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 huingia katika kiwango cha juu. Aidha, tofauti na Kenya, ambayo haipokei gari lililozidi miaka minane, Tanzania hulipokea gari kuukuu na kulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo katika tovuti yake. Kitumie kabla hujatuma hata shilingi moja nje. Wala usidanganywe na ujazo mdogo peke yake. Mazda RX-8 huandikwa kuwa na ujazo wa sentimita 1,308, kama kigari cha kwendea sokoni. Injini yake ni ya kuzunguka, haina pistoni za kawaida, hunywa mafuta kwa ukarimu, huchoma oili kwa kuumbwa hivyo, na kuipima afya yake kunahitaji kifaa ambacho si kila gereji inacho.

Matairi mapana, breki kubwa na shokapu za spoti navyo ni sehemu ya bei, ila hulipwa baadaye. Gari likiwa na uwazi wa sentimita 13 kutoka ardhini, kama ilivyo Toyota 86, kila tuta la barabarani ni mazungumzo.

Ndani kama shahidi

Tumesema ubora wa ndani huonekana, na uwezo hauonekani. Ajabu ni kwamba njia mojawapo nzuri ya kuujua uwezo uliojificha ni kuisoma ndani kwa makini, si kwa kuuliza kama inapendeza bali kwa kuuliza kama inasema kweli.

Mita ikionyesha kilomita 60,000, mpira wa pedali ya breki haupaswi kuwa umelika hadi chuma. Upande wa kiti cha dereva anaopitia kila anaposhuka ndio huchakaa kwanza. Ukiwa umepasuka hali mita ni changa, mojawapo linadanganya, na kiti hakijui kudanganya. Na kiti kikiwa kipya kabisa, pamoja na usukani uliovikwa ngozi mpya, katika gari lenye mazulia makuukuu, uliza ni nini kilichofunikwa. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa tope katika sehemu isiyovutwa kila siku, kutu kwenye reli za kiti na harufu ya ukungu chini ya zulia ni dalili kwamba gari liliwahi kuzama majini. Katika gari la spoti, lenye kompyuta na nyaya nyingi, hilo ni tatizo kubwa kuliko kupasuka kwa dashibodi nzima.

Kwa gari lililopitia mnada wa Japani, dai karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ni ya wakaguzi wa mnada, si ya muuzaji wako, nayo hutenganisha mambo yaleyale tunayoyajadili hapa. Daraja la jumla huandikwa kwa tarakimu, kama 3.5, 4 au 4.5, na herufi R kwa kawaida humaanisha gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Hali ya ndani huandikwa kando kwa herufi, A ikiwa nzuri sana na D ikiwa mbaya. Mchoro wa gari huonyesha majeraha: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Wasomaji wengi wa karatasi hiyo hukimbilia daraja la jumla na kuishia hapo. Sisi tungekushauri uanze na mfarakano. Gari la 4.5 lenye ndani ya C limetunzwa bodi na kutumiwa sana. Gari la 3.5 lenye ndani ya A huenda lilikwaruzwa maegeshoni na mtu aliyelipenda, na mara nyingi ndilo la kununua. Lakini kumbuka kwamba mkaguzi wa mnada hakufungua injini. Daraja la 4.5 halisemi lolote kuhusu mgandamizo wa silinda wala uchovu wa turbo.

Sheria inavyovitenganisha

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huweka sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo, na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora wa kuuzika. Hata hivyo, mnunuzi akiikagua bidhaa, sharti hilo haligusi kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua.

Isome tena sentensi hiyo ukiwa umeketi ndani ya gari. Kiti kilichochanika, kiyoyozi kisichopoza, kioo kisichopanda: hivyo uliviona, au ulipaswa kuviona, na si rahisi kuvilalamikia kesho. Kasoro ya ndani ya injini, ambayo mtu wa kawaida asingeiona kwa kuliangalia gari, ndiyo iliyobaki chini ya kinga hiyo. Kwa hiyo mabishano ya vitu vya ndani yamalizike kabla ya kulipa, kwa kupunguza bei. Uwezo uandikwe. Muuzaji akisema injini haijawahi kufunguliwa, au kwamba kilomita ni za kweli, mwombe ayaandike maneno hayo katika mkataba na kuyatia saini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha katika biashara, na maelezo yaliyoandikwa huthibitika kwa urahisi kuliko yaliyosemwa juu ya mlio wa ekzosi. Muuzaji anayekataa kuandika alichokwisha kukisema mara tatu kwa mdomo amekupa habari muhimu kuliko zote za siku hiyo.

Kinga ya ubora wa kuuzika inamhusu mfanyabiashara. Mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe hayumo katika sharti hilo, na kampuni iliyoko Japani inayouza kwa njia ya intaneti, hata kama imekosea, iko mbali na mahakama zetu.

Kugawa fedha

Tuseme, kwa mfano tu, una shilingi milioni 35 za kulifikisha gari mikononi mwako. Mbele yako yako magari mawili ya aina moja. La kwanza lina ngozi safi, skrini kubwa na rangi inayong'aa, lakini halina kumbukumbu za matengenezo, na bei yake ni milioni 35 kamili. La pili lina kitambaa kilichofifia na dashibodi yenye ufa, lakini lina daftari la matengenezo na limepimwa mgandamizo wa silinda zote ukawa sawa, na bei yake ni milioni 30. Tungechukua la pili bila kusita. Kiti hushonwa upya na fundi kwa gharama unayoweza kuijua kabla hajaanza kazi. Injini ya turbo ikifunguliwa, hakuna fundi mwaminifu atakayekutajia bei ya mwisho asubuhi ile.

Uamuzi huo hugeuka iwapo lile la pili halina mifuko ya hewa, au mkao wake unakuumiza mgongo. Hayo si ya kushonwa. Wala hatusemi kwamba anayechagua gari la nguvu kidogo na ndani nzuri amekosea. Kwa mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, zote za mjini, huyo ndiye aliyefanya hesabu. Tunachokipinga ni kulipia nguvu ambazo huwezi kuzilisha mafuta, matairi na breki zinazozistahili. Gari linalokimbia sana juu ya matairi yaliyokwisha haliwezi kusimama, na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika kwa breki kulisimamisha gari hukaribia mara nne.

Siku ya kulijaribu gari, fika bila kutaja saa ili injini usiikute imekwisha kupashwa moto. Gusa boneti kwanza. Keti kitini nusu saa, gari likiwa juani, kabla ya kuondoka. Huko ndiko mgongo na kiyoyozi husema kweli. Kisha ombeni barabara tupu, na gari likiwa katika gia ya tatu kwa mwendo mdogo kanyaga mafuta kwa nguvu: mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Mkirudi, iache injini iunguruме kwa dakika mbili, umweke mtu nyuma atazame ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Zima redio wakati wote huo, hata kama muuzaji atataka kukuonyesha spika zake.